Ukishuka Kitai, Uliza Leo Kumepikwa Nini

Mgeni anayefika Mbinga jioni, akaoga maji ya ndoo, akatoka gesti kutafuta chakula, mara nyingi huishia kwenye chipsi mayai. Mbinga ina vyakula vingine tele, ila saa mbili usiku vimekwisha, na aliyebaki na moto ni kijana wa chipsi. Kesho yake mgeni anamaliza shughuli yake ofisini, anapanda gari kurudi Songea, na akiulizwa habari za huko anasema watu wakarimu, baridi kali, chakula hakuna. Nimeyasikia hayo kwa wakaguzi wa hesabu, kwa madereva wa malori, kwa waliokwenda kuzika na kwa waliokwenda kuoa. Wote walikuwa wametoka katika milima inayolima mahindi, maharage na kahawa, yenye mabanda ya nguruwe kila upande, na iliyo na ziwa zima miguuni pake.

Nawaandikia hao, na yeyote mwenye siku mbili au tatu za kupita Kitai, Mbinga na ufuko wa Nyasa bila gari la kampuni ya utalii. Hoteli zenye bustani na muziki zina mabango yao ya kuzisemea, kwa hiyo nitaziacha.

Huku chakula hufuata saa, na hufuata mwinuko. Kitai iko kwenye misitu ya miombo, kandokando ya lami itokayo Songea. Mji wa Mbinga uko juu, katika milima ya Umatengo, ambako mwezi wa Juni watu hukaa na makoti mpaka saa nne asubuhi. Mbamba Bay iko chini kabisa, mchangani, na baina yake na Mbinga kuna kilomita 66 tu za lami, lakini zinakushusha mamia ya mita kutoka kwenye kahawa hadi kwenye minazi na miembe. Anayekula maharage mlimani, samaki ziwani, na ugali wa asubuhi asubuhi, atakula vizuri kwa pesa kidogo. Anayetaka samaki mlimani usiku atalipa zaidi na kula vibaya, na hapaswi kumlaumu mpishi.

Tuanze na Kitai yenyewe, kwa sababu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Wengi wanaijua kwa dirisha la basi: njia panda, maduka ya mbao na bati, wauza ndizi wanaokimbilia madirishani. Njia moja inaendelea kwenda Kigonsera na Mbinga. Nyingine inakata kwenda Amani Makoro, Ruanda, na baada ya zaidi ya kilomita 80 inafika Lituhi, ufukweni. Huko Ruanda, katika kijiji cha Ntunduwaro, ndiko kwenye makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza kuchimbwa kibiashara mwaka 2011, na makaa hayo hutoka kwa malori. Palipo na malori pana mama lishe, na mama lishe wa njia ya malori ana sifa mbili zinazomfaa msafiri: anaamka mapema, na hawezi kudanganya wateja wake, kwa kuwa dereva akipewa maharage ya jana leo, safari ijayo atakula kwa jirani.

Ukishuka hapo usiulize hoteli nzuri iko wapi. Utaoneshwa yenye viti vya plastiki vipya. Msalimie mama aliye jikoni, shikamoo ikiwa anakuzidi umri, kisha muulize: leo kumepikwa nini? Swali hilo linambadilishia kazi. Hasomi tena orodha ya ukutani, ambayo nusu yake haipo; anakufunulia sufuria. Utaona maharage, mboga za majani, pengine nyama ya kuchemsha, pengine dagaa. Chagua kile ambacho sufuria yake imepungua zaidi, maana ndicho wenyeji wanachokula. Muda mzuri ni kati ya saa sita na saa nane mchana, au asubuhi saa moja kwa chai, chapati na supu. Ukifika saa kumi, kula ndizi na karanga uvumilie hadi Mbinga.

Mboga ndiyo kipimo changu cha mpishi wa huku. Nyama yeyote anaweza kuikaanga. Majani ya maboga yaliyomenywa nyuzi zake, yakapikwa na karanga za kutwanga bila kumwagiwa mafuta ya kopo, yanataka mtu aliyefundishwa na mama yake. Ukiyakuta, agiza hayo na ugali, na nyama iwe ziada. Ukikuta mlenda, usiukunjie uso kabla ya kuuonja na pilipili.

Kuanzia mvua za Novemba na Desemba, njia yote ya Songea hadi Mbinga hugeuka soko. Miombo hutoa uyoga, na miombo hutoa masuku, yale matunda ya mviringo yenye ganda gumu la kahawia na nyama laini ya manjano. Masuku nunua bila wasiwasi: lililoiva hubonyea kidogo kidoleni, na ukilipasua linanukia asali. Usinunue yaliyochumwa mabichi yakafukiwa yaive, maana huwa na ukakasi. Muuzaji mkweli atakuambia yapi yameokotwa chini. Uyoga ni habari nyingine. Kula ule uliopikwa na mwenyeji na ambao mwenyewe anaula. Usinunue fungu barabarani ukalipeleka Dar es Salaam kujipikia, hasa ikiwa hujui majina ya uyoga, kwa sababu uyoga wa sumu hauna alama moja ya kuutambulisha, na yale ya kuupika na kijiko cha fedha au kuangalia kama umeliwa na wadudu ni hadithi zilizoua watu.

Hapo hapo njiani, na kila mahali Ruvuma, kuna togwa. Ni uji wa mahindi uliotiwa kimea cha ulezi ukaachwa upate utamu na uchachu kidogo. Hauleweshi ukiwa mpya. Wangoni na majirani zao hawafanyi sherehe bila togwa, na msafiri mwenye jua la mchana hawezi kupata kinywaji kinachoshibisha kuliko hicho. Uliza umepikwa lini. Wa jana ni mtamu, wa juzi una ukali, na unaozidi hapo unaanza kuwa pombe, jambo ambalo huenda ndilo unalolitafuta, ila lijue kabla ya kupanda bodaboda. Mwenye tumbo jepesi aogope togwa ulioongezwa maji mabichi. Muuzaji akikuambia ni mzito mno akakuwekea maji, mwambie unaupenda hivyo hivyo.

Neno moja la tahadhari kabla hatujaondoka Kitai. Hapo pana gereza la kilimo, na mashamba yake yanaonekana. Usipige picha gereza, wala askari, wala wafungwa wakiwa shambani, hata kama mandhari yamekupendeza. Kamera ya simu imewaharibia watu safari kwa jambo dogo kuliko hilo.

Mbinga mjini, siku yako ianze sokoni, na ianze mapema. Mgeni huwa na tabia ya kutembelea soko saa tano baada ya kustaftahi. Saa tano wanaouza ni wachuuzi. Waliolima wamekwisha rudi shambani. Nenda saa moja, ukiwa umevaa sweta, ukanywe chai ya tangawizi na andazi la moto kwa mwanamke aliye karibu na wapakiaji wa magunia, kisha utembee. Utajifunza zaidi juu ya wilaya hii kwenye meza za maharage kuliko ofisini. Kuna ya njano, mekundu, ya madoadoa, meupe, na kila moja lina watu wake. Uliza lipi linaiva haraka na lipi lina mchuzi mzito. Majibu hayatalingana, na ubishi utakaozuka utakuwa ndio starehe ya asubuhi hiyo.

Maharage hayo yana asili ambayo haionekani sokoni, na ningekushauri utumie nusu siku kuiona. Wamatengo hulima milima mikali kwa ngoro. Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana mpaka mteremko mzima unakuwa na miraba. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba unachimbwa na kurushwa juu ya nyasi. Yanabaki mashimo, na kuzunguka kila shimo yanabaki matuta yenye mbolea ndani yake. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kuporomoka na udongo kwenda bondeni. Juu ya matuta hupandwa maharage, huvunwa kama Juni au Julai, halafu mvua mpya zikija hupandwa mahindi. Wataalamu wa kilimo kutoka Japani na kwingineko wamekuja kuusoma ustadi huu, nao una umri wa vizazi kadhaa. Hakuna tiketi wala kibanda cha mapokezi. Mwambie bodaboda akupeleke vijiji vya milimani nje ya mji, ukimkuta mwenye shamba msalimie, omba ruhusa, na usikanyage matuta. Ukifika wakati wa maharage mabichi, kabla hayajakauka, omba uuziwe debe dogo upikiwe mjini. Maharage mabichi ya ngoro hayahitaji nazi wala viungo. Chumvi, kitunguu na moto wa taratibu vinatosha. Hicho ndicho chakula ninachokihesabu kuwa cha kwanza katika wilaya hii, mbele hata ya samaki, na najua watu wa ziwani hawatanisamehe.

Makande nayo ni ya huku, kwa hali ya hewa kama hii: mahindi na maharage, sufuria moja, saa nyingi. Kwa sababu yanachukua saa nyingi, hayapatikani kwa kuagiza papo hapo. Kanuni hii itakusaidia kwa karibu kila kitu kizuri: agiza asubuhi, ule jioni. Kuku wa kienyeji vivyo hivyo. Ukiingia mahali saa moja usiku ukaagiza kuku wa kienyeji, ama utakaa mpaka saa tatu, ama utaletewa wa kisasa aliyechomwa sana ili asitambulike. Pita asubuhi, ongea na mpishi, acha fedha ya kumnunua kuku, taja saa. Ukirudi utakuta umewekewa akiba, na mara nyingi utakuta pia mboga ambayo haikuwa sehemu ya makubaliano.

Kuhusu kahawa sharti niseme kwa kirefu kidogo, maana ni kichekesho cha Mbinga. Mji huu umejengwa na kahawa. Nyumba nzuri za matofali unazoziona vijijini zimejengwa na kahawa, watoto wamesomeshwa na kahawa, kituo cha utafiti wa kahawa kipo Ugano, kiwanda cha kukoboa kipo mjini, na miezi ya mavuno, kuanzia kama Mei na kuendelea, mazungumzo ya kijiweni ni bei tu. Lakini ukiagiza kahawa mgahawani, mhudumu ataleta maji ya moto na kopo la kahawa ya unga wa kuyeyuka iliyotengenezwa mbali. Mkulima mwenyewe hunywa chai. Kahawa ni mali ya kuuza, na mtu hanywi ada ya shule ya mwanawe. Kwa hiyo usitegemee mgahawa. Uliza sokoni, au kwenye maduka ya vyama vya ushirika, nani anakaanga na kusaga kahawa hapa hapa. Nunua iliyokaangwa karibuni, na kama una njia ya kusaga nyumbani, nunua punje badala ya unga. Kisha mwombe mama wa chai akuchemshie kijiko kimoja katika birika lake; atacheka, atakuchemshia, na pengine ataonja.

Jioni ya Mbinga ni ya kitimoto. Wasiokula watanisamehe na waruke aya hii. Sehemu kubwa ya wenyeji ni Wakristo, hasa Wakatoliki, na nguruwe amekuwa benki ndogo ya familia kwa miaka mingi, kwa hiyo nyama yake ni mbichi ya siku hiyo na bei yake haiumizi. Ikaangwe kwa mafuta yake yenyewe, iletwe na ndizi za kukaanga au ugali, ndimu na pilipili pembeni. Ila lipo la afya. Tegu la nguruwe limeripotiwa katika Nyanda za Juu Kusini, Mbinga ikiwemo, hasa kutokana na nguruwe wanaozurura. Nyama isiyoiva humpa mlaji mnyoo tumboni. Lakini ule ugonjwa wa kutisha, unaopanda kichwani na kuleta kifafa, hautoki kwenye nyama. Unatokana na mayai ya mnyoo yaliyomo kwenye kinyesi cha binadamu, na hayo humfikia mtu kwa mikono michafu na mboga zisizooshwa. Kwa hiyo unayemwambia mchomaji akaushe nyama vizuri umefanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kunawa kwa sabuni, na kuikataa kachumbari kama huoni maji safi karibu na anayeikata.

Jumapili asubuhi mji hulala hadi misa iishe. Wapishi wako kanisani. Nunua mkate Jumamosi.

Sasa tushuke ziwani. Panda gari la asubuhi, kaa upande wa dirisha. Lami ikianza kuteremka, migomba na mikahawa inabaki nyuma, joto linaingia garini, abiria wanavua masweta mmoja mmoja, halafu kwenye kona fulani Nyasa inajitokeza yote kwa mara moja. Zamani njia hii ilikuwa ya kusukuma magari kwenye tope, na masika safari ingeweza kula siku. Sasa unaweza kwenda asubuhi ukarudi jioni, nami nakusihi usifanye hivyo. Lala Mbamba Bay usiku mmoja, kwa sababu ya samaki.

Kabla hujapanga tarehe, tazama mwezi. Dagaa wa Nyasa, ambao watu wengi wa ziwani huwaita usipa, huvuliwa usiku kwa taa. Taa humvuta dagaa usiku wa giza; mbalamwezi ikiwaka, taa haina maana, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Ukienda siku za mwezi mpevu utakuta dagaa wakavu tu, na wabichi ni adimu. Ukienda siku za giza, amka kabla ya jua, teremka mchangani, usubiri mitumbwi. Utawaona akina mama na mabeseni yao wakipatana bei mguu majini. Usiingilie biashara hiyo kwa kutaka kilo moja yako. Msubiri mmoja amalize, umwombe akuuzie sahani kutoka beseni lake, na yeye huyo au jirani yake anaweza kukukaangia. Dagaa mbichi wa Nyasa, aliyekaangwa akakauka hadi anavunjika, na ugali wa muhogo, saa mbili asubuhi: sijui kifungua kinywa kinachokishinda katika mkoa mzima. Ajuaye dagaa wa Kigoma au wa Mwanza asidhani ni yule yule. Jina ni moja, samaki ni mbalimbali, na huyu wa Nyasa ni mkubwa kuliko wa Mwanza.

Ugali wa muhogo unataka maelezo kidogo kwa mtu wa mlimani au wa mjini. Ufukweni ardhi ni ya mchanga na muhogo ndio unaoaminika, kwa hiyo sima yake ni nyeupe, inavutika, na ina harufu ya kuchachuka. Huliwa ikiwa ya moto sana. Ikipoa inakuwa mpira, na hapo ndipo wageni wengi wanapokata tamaa nayo, baada ya kuacha sahani ipoe huku wakipiga picha. Pamoja nayo omba kisamvu, majani ya muhogo huo huo yaliyotwangwa, chenye karanga kama msimu unaruhusu.

Samaki wakubwa wana majina ambayo yafaa uyajue. Magege ndiye mgeni atakayemzoea haraka, jamii ya perege, mwenye nyama nene na miiba inayoonekana. Mchemsho wake na nyanya, kitunguu na ndimu ni bora kuliko kumkaanga. Mbasa ni mrefu, wa rangi ya fedha, na huyu ndiye mfalme wa ziwa: mvua zikianza hupanda mitoni kwenda kutaga, na mdomo wa Mto Ruhuhu, kaskazini karibu na Lituhi, ni mojawapo ya mahali anapojulikana sana. Ana miiba midogo mingi, kwa hiyo mle taratibu, mchana, na usiongee sana. Wapo na kambale, na wapo wadogo wa rangi za kupendeza wanaoishi kwenye mawe, ambao duniani huuzwa kwa ajili ya kufugwa kwenye matangi ya vioo. Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na sehemu kubwa ya aina hizo hazipatikani popote pengine. Mlaji hahitaji kuzijua zote, lakini kuuliza jina la samaki kabla ya kumla ni adabu nzuri, na wavuvi hupenda kuulizwa.

Kumkagua samaki ni kazi rahisi: jicho liwe limevimba na kung'aa, mashavu yawe mekundu ukiyafunua, na nyama irudi ukiibonyeza. Ufukweni utaona hivyo karibu kila mara. Samaki utakayemkuta Kitai au Mbinga amesafiri, naye mpime kwa ukali zaidi. Wa kubanikwa ni salama kuliko mbichi wa alasiri.

Kati ya Mei na Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki, na ziwa linakuwa bahari. Siku hizo mitumbwi hubaki mchangani, samaki hupungua, bei hupanda, na meli hubadilisha saa. Kama mpango wako ni kupanda MV Mbeya II, meli ya abiria iliyoanza kazi mwaka 2021 na kuunganisha bandari za Kyela na Mbamba Bay, usiamini ratiba ya kusimuliwa. Nenda bandarini, uulize, na uache siku moja ya ziada. Safari yenyewe ni ya kula pia: kila bandari ndogo ina watu wanaouza maembe, samaki wa kubanika na mihogo ya kuchemsha. Miezi ya Novemba hadi Januari maembe ya ufukweni huanguka yenyewe, na kumuuzia mgeni embe Mbamba Bay ni karibu aibu; utapewa.

Kuogelea kunavutia, na maji ni maangavu. Lakini kichocho kipo Nyasa, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na vijiji, na mamba wapo kwenye midomo ya mito. Waulize wenyeji wanaogelea wapi, chagua mchanga mweupe usio na matete, usiogelee kwenye mdomo wa mto hata kidogo. Ukirudi kwenu, baada ya mwezi mmoja na nusu au miwili kapime kichocho, hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake ni rahisi. Malaria ya ufukweni nayo si ya mzaha kwa mtu aliyeshuka kutoka kwenye baridi, kwa hiyo kagua chandarua cha gesti kabla ya kulipa, kwa kukitandaza chote.

Mwenye siku ya tatu na moyo wa vumbi asirudi kwa njia aliyojia. Afuate ufuko kwenda kaskazini kupitia Liuli hadi Lituhi, kisha apande Kitai. Hiyo ni njia ndefu, sehemu kubwa ni ya udongo, na masika usiijaribu bila kuwauliza madereva wa siku hiyo. Lakini Liuli pekee inastahili kusimama. Kuna jiwe kubwa la Pomonda majini, ambalo Wajerumani walilifananisha na ile sanamu ya Sphinx ya Misri hata wakaipa bandari jina la Sphinxhafen. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilishambuliwa ikiwa nchi kavu inatengenezwa, na meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen. Manahodha wale wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na inasimuliwa kwamba yule Mjerumani alikuwa hajapata habari kuwa kuna vita. Keti hapo ukiangalia jiwe, kula mihogo na dagaa, halafu endelea kabla jua halijapanda.

Fedha: chukua noti ndogo kutoka Songea. Malipo ya simu yanapokelewa maeneo mengi, ila mama wa ufukweni saa kumi na mbili asubuhi hana chenji ya elfu kumi na mtandao hauna adabu. Bei usiishushe kwa sahani ya chakula; patana kwenye gunia, kwenye debe, kwenye bodaboda. Na ukialikwa nyumbani, jambo linalotokea upesi kuliko unavyodhani, nenda na sukari na sabuni, nawa mikono unapoletewa maji, usikatae kuonja, na usifungue pochi kulipa. Mpe mtoto wa nyumba ile daftari siku ya pili.

Mizigo ya kurudi nayo iwe mitatu: maharage, kahawa, dagaa. Maharage yamimine kwenye kitambaa uyatazame kama yana vitobo vya wadudu kabla ya kununua debe zima. Dagaa wakavu wachukue wanaong'aa na kuvunjika kwa sauti, uwasugue kiganjani kuona kama wana mchanga, maana waliokaushwa juu ya chanja ni wasafi kuliko waliotandazwa chini, na tofauti ya bei ni ya haki. Wafunge mifuko miwili, juu yake gunia, uwape kondakta wawekwe kwenye buti. Kahawa panda nayo ndani, uiweke miguuni, mbali kabisa na buti: kahawa hunyonya harufu, na mtu aliyeifunga pamoja na dagaa kutoka Mbamba Bay hadi Dar es Salaam atakunywa usipa kila asubuhi kwa miezi miwili.